Kabla Hujahesabu Kura za Luanda

Binamu yangu aligombea uwakilishi wadi mwaka 2022, na mimi ndiye niliyemharibia hesabu. Nina duka la nafaka Luanda, kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya, pale barabara ya Kisumu kwenda Busia inapopita sokoni. Kila mtu hupita kwangu, kwa hiyo nilijiona najua kila mtu. Nikamwambia, "Ndugu, elfu mbili tunazo." Hakufikisha hata mia tisa. Magunia mawili ya mahindi niliyoyatoa kwa mkopo wakati wa kampeni bado nayadai.

Kwa kuwa uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027, na tayari kuna wanaozungukazunguka na daftari, acha niseme nilipokosea.

Usianze na kinara. Januari 2022, Mudavadi, kinara wa chama cha ANC, ambaye kwao ni huku huku Vihiga, alitoa lile "tetemeko" lake, yaani lile tangazo kubwa la kisiasa, ukumbini Bomas, Nairobi, akajiunga na Ruto aliyekuwa akigombea urais dhidi ya Raila. Wachambuzi wa Nairobi wakatuweka wote kwenye kapu la Kenya Kwanza, muungano wa Ruto. Agosti ilipofika, Raila akaongoza kura za urais Vihiga. Ugavana ukaenda kwa Ottichilo wa ODM, chama cha Raila, useneta kwa Osotsi, ODM pia. Basi ungesema mji huu ni wa ODM? Kiti cha mwakilishi wa wanawake alikichukua Adagala wa ANC, kile kile kilichokuwa chama cha Mudavadi. Ubunge wa Luanda ukaenda kwa Dick Maungu wa DAP-K. Wapigakura wale wale, siku moja, karatasi sita mkononi, vyama vitatu.

Mama mmoja muuza omena alinieleza huku akinipimia gorogoro: "Mwanangu, ile ya juu nilimpa Baba. Hizi za chini naangalia nani alikuja matangani." Hakuna mchambuzi wa televisheni aliyewahi kunifafanulia jambo hili vizuri hivyo. Na Baba mwenyewe, yaani Raila, alitutoka Oktoba 2025, kwa hiyo hata ile ya juu, anayekuambia leo anajua itaelekea wapi anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Sasa nije kwenye ukoo, maana hapo ndipo nilipoangukia pua. Katika kura ya wadi, chama hakina nguvu kama ukoo. Hilo kila mtu hapa analijua, na mimi nilidhani kulijua kunatosha. Nikahesabu boma za ukoo wetu, nikazidisha kwa watu wazima wanne, nikapata elfu yangu ya kwanza kabla ya chai kupoa. Nilichosahau ni kwamba kwetu huoi ndani ya ukoo wako. Mama wa kila boma niliyoiandika katoka ukoo mwingine, na ana kaka zake huko. Mpinzani wetu alitoka ukoo ambao umetuozesha mabinti tangu enzi za babu. Kwa nusu ya boma zangu, yeye alikuwa mjomba wa watoto! Sisi tulikuwa tunakaa na wazee chini ya mwembe tukigawana sukari, naye anapiga simu kwa dada zake. Ukienda kuhesabu ukoo, uliza kwanza wake wametoka wapi.

Vijana wa bodaboda walituimbia sana, wakapuliza vuvuzela mpaka stendi ikasimama. Lakini mpaka wa kaunti ya Kisumu uko hapo tu upande wa Maseno. Wengi wao hulala ng'ambo na wameandikishwa huko. Wengine wameandikishwa Nairobi walikokuwa wakifanya mjengo, na wapo wasioandikishwa popote. Fulana tuliwapa wote. Kabla hujatoa fulana, muulize mtu anapiga kura shule gani. Akisitasita, mpe salamu tu.

Kitu kimoja nilichofanya sawasawa nilikifanya nikiwa nimechelewa. Usiku wa kuhesabu, nilizunguka na tochi ya simu nikipiga picha fomu za matokeo zilizobandikwa kwenye milango ya vituo. Watu hupigania 34A ya urais na kusahau kwamba MCA, yaani mwakilishi wadi, naye ana yake, 36A. Kituo kimoja hakizidi wapigakura 700, kwa hiyo fomu inakuonyesha karibu kijiji kwa kijiji. Nilipoziweka mezani asubuhi, niliona shule mbili zilizotumaliza, na zote mbili ziko upande walikotoka wale akina mama wa boma zetu niliowasahau. Karatasi hizo hazikai mlangoni muda mrefu. Mvua na watoto wa shule huzimaliza. Piga picha usiku huo huo, kisha ziandike daftarini, kwa sababu simu huibiwa.

Binamu kanitafuta juzi, anataka kurudi uwanjani, ananiuliza tuna ngapi safari hii. Nikamwambia aanzie nyumbani kwake. Shemeji ni wa ukoo wa yule aliyetushinda, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kumuuliza alimpigia nani.