Mtoto anayetaka ujaji wa shirikisho Marekani aanzie wapi?

Kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili mahakamani hapa Marekani, kwa hiyo wazazi wenzangu huniuliza: mtoto asome nini ili awe jaji wa shirikisho? Nazungumzia jaji anayesikiliza kesi katika mojawapo ya mahakama 94 za wilaya za shirikisho. Jaji wa uhamiaji, ambaye wengi wetu tumeshasimama mbele yake, ni mwajiriwa wa Wizara ya Sheria, na njia yake ni nyingine kabisa.

Katiba haitaji umri wala shahada. Rais anateua, Seneti inathibitisha, na aliyeapishwa anaweza kukaa kitini maisha yake yote bila mshahara wake kupunguzwa. Maseneta wa jimbo husika wana sauti kubwa katika jina linalopelekwa, kwa hiyo siasa ipo, na kijana hawezi kuipangia ratiba. Anachoweza kupanga ni uwakili wake.

Namshauri ajifunze kesi zenyewe, asimame mbele ya majaji na kuhoji mashahidi. Constance Baker Motley alikuwa wakili wa haki za raia aliyetetea kesi 10 mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani (Supreme Court) na kushinda 9. Mwaka 1966 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho. Ketanji Brown Jackson aliwahi kuwatetea washtakiwa wasio na uwezo wa kulipa wakili, miaka kadhaa kabla ya kuapishwa jaji wa wilaya mwaka 2013.

Akimaliza shule ya sheria, atafute nafasi ya msaidizi wa kisheria wa jaji, hata kwa mwaka mmoja. Huko ataona uamuzi unavyoandikwa na kufutwa na kuandikwa tena. Baadaye aangalie pia nafasi za mahakimu wa shirikisho: hao huchaguliwa na majaji wa wilaya wenyewe kwa kipindi cha miaka 8, na nafasi hutangazwa. Wengine wamepandia hapo hadi ujaji.

Na atunze kumbukumbu tangu sasa. Fomu ya Seneti anayojaza aliyeteuliwa inataka maandishi yake, hotuba zake na kesi zake 10 kubwa, na FBI huwahoji watu waliomfahamu.

Lakini kuna jambo ambalo fomu haipimi vizuri. Mshtakiwa anapokiri kosa, jaji lazima amuulize yeye mwenyewe: kuna aliyekulazimisha? Umeahidiwa nini? Unaelewa haki unazoziacha? Yupo jaji anayeyapitia maswali hayo macho yakiwa kwenye karatasi. Yupo mwingine anayemtazama mshtakiwa, si mimi mkalimani, na akiona kichwa kinaitikia tu anasema: "Nieleze kwa maneno yako ulichofanya." Niliwahi kumtafsiria mzee aliyeshindwa kujibu swali hilo. Jaji aliahirisha kesi ili mzee akae upya na wakili wake. Huyo ndiye jaji ninayetaka watoto wetu wamwige.

Mpeleke mtoto akaone. Milango iko wazi kwa umma na hakuna kiingilio. Beba kitambulisho, na ujue simu huenda ikabaki mlangoni. Chagueni siku ya kutolewa adhabu, kwa sababu siku hiyo jaji hueleza sababu zake kwa sauti, na mshtakiwa naye hupewa nafasi ya kusema.