Bonyeza tena kidole, mama

Vijana wengi hapa Busia, Uganda, wanaoanza kazi ya laini na pesa za simu huwa wananiuliza kitu kimoja, nitajuaje hii ni wizi au ni kazi tu? Swali zuri sana, manake hizi kazi zetu hazina mzee wa kukuambia. Mkulima baba yake alishamuonyesha mpaka wa shamba, akisogeza jiwe kijiji kizima kinajua huyu mwizi. Sasa wewe nani alikufundisha adabu ya mashine ya kusoma vidole? Bosi alikupa mashine, akakupa tageti ya wiki, akaenda zake.

Ngoja niwaonyeshe. Mama anatoka sokoni na ndagamuntu yake, yaani kitambulisho cha taifa, laini yake imepotea anataka kuirudisha. Anaweka kidole gumba, mashine inasoma vizuri kabisa, lakini kijana anamwambia "haijasoma mama, bonyeza tena." Mama anapangusa kidole kwenye leso, tena anaomba na radhi, "mikono ya mihogo hii mwanangu", anabonyeza. Hapo laini ya pili imezaliwa kwa jina lake na yeye anarudi nyumbani na moja. Ile nyingine inauzwa kwa mtu asiyetaka kujulikana. Hii nimeiona kwa macho yangu kwenye kibanda cha mtu, na kijana mwenyewe mpole, anaswali, ukimuuliza anakwambia mi sijaiba kitu, mama si ameondoka na laini yake na chenji yake?

Sasa fuata hiyo laini. Oktoba 2020 wezi waliingia kwenye mfumo wa kampuni ya katikati, ile inayounganisha mitandao ya simu na mabenki hapa Uganda, pesa zikavutwa mpaka huduma ya kutuma kati ya benki na simu ikasimamishwa kwa muda. Pesa ya namna hiyo haikai hewani, lazima itue kwenye laini, na kila laini ina kidole cha mtu. Polisi wakifuata kidole hawafiki kwa mwizi, wanafika kwa mama wa mihogo. Banange, atajieleza vipi?

Sheria ipo, ile ya kulinda data na faragha ya mwaka 2019, ukitoa habari za mtu bila haki unaweza kufungwa mpaka miaka 10. Lakini angalia miaka yenyewe: pesa za simu zilianza hapa 2009. Miaka yote hiyo katikati watu waliandikwa majina na namba kwenye madaftari ya maejenti, na yeyote aliyekaa kwenye benchi alisoma anavyotaka. Biashara inakimbia, sheria inakuja nyuma inahema, kwa hiyo ukisubiri sheria ikwambie utakuwa umeshaumiza watu wengi.

Mi kipimo changu ni hiki: huyu mteja angekuwa anajua ninachokijua mimi kuhusu hii mashine, angekubali? Usiulize kama atalalamika, hawezi kulalamika kitu asichokijua. Angekubali? Kama hapana, acha, hata kama bosi karuhusu na hata kama barabara nzima wanafanya.

Binamu yangu alipata kazi Kampala ya kupigia simu watu waliochelewa kulipa mikopo ya app. Ofisi safi, kiyoyozi, hedifoni. Mwanzoni anampigia mdaiwa mwenyewe, sawa, deni ni deni. Halafu wakampa listi ya pili: mama yake mdaiwa, mwalimu wa mtoto, mchungaji, namba zote zimevutwa kutoka kwenye simu ya mtu siku alipobonyeza kukubali masharti. Akaniuliza, kaka, si alikubali mwenyewe? Nikamwambia hayo masharti wewe unayelipwa na hiyo kampuni umeshawahi kuyasoma? Kimya. Akaomba abaki na listi ya wadaiwa tu, meneja akakataa, akaondoka, na mpaka leo analipwa kidogo kuliko kule. Nalisema hili makusudi, manake watoa ushauri wanapenda kutuambia ukifanya haki Mungu anakulipa mwisho wa mwezi.

Na msidhani ni sisi wa vibandani tu. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986 kule Marekani mainjinia wa kampuni iliyotengeneza roketi za Challenger, chombo cha kubeba watu kwenda anga za juu, walisema kesho baridi kali, mipira ya kuziba maungio haitashika, msirushe. Mkuu wao mmoja akaambiwa na bosi wake avue kofia ya injinia avae ya meneja, na akavaa. Asubuhi wakarusha, sekunde 73 chombo kikasambaratika na watu 7 wakafa. Waliopanda hawakuambiwa habari ya mabishano ya usiku ule.

Ila kipimo changu kina mahali kinagoma: Kiteezi. Dampo la Kampala lilipoporomoka Agosti 2024 likafukia nyumba na zaidi ya watu 30 wakafa, hapo nani angesema hakujua? Lilikuwa limejaa, watu wanaona, wananusa. Lakini dereva wa lori kazi yake kumwaga, wa ofisini kazi yake ripoti, wa pesa kazi yake bajeti, na sisi wengine tunafunga kaveera, mfuko wa plastiki wa taka, tunaweka nje tunalala. Kwenye kitu kama kile kujua peke yake hakusaidii, inabidi awepo mtu mwenye uwezo wa kusema leo lori halimwagi na asifukuzwe kazi.

Kwa hiyo kijana ukianza kazi, geuza mashine mteja aone kilichoandikwa, na daftari ulifunge. Na wewe mama ukiambiwa haijasoma, mwambie akuonyeshe, usione haya. Na siku ya interviu uliza hivi: nikikataa kumfanyia mteja jambo, hapa nani atanisikiliza? Wakicheka, chukua vyeti vyako uondoke kama nyumbani kuna cha kula. Kama hakuna, ichukue kazi, lakini anza kutafuta nyingine wiki hiyo hiyo.