Mikono ya vitasa: angalia kwanza inavyofungwa, rangi baadaye

Ndugu yangu, umesema nyumba yako ina milango tisa, watoto watatu na mama mzee, unataka mikono ya vitasa isiyosumbua, na unauliza uchukue ya dhahabu au nyeusi. Naomba rangi uiache iwe swali la mwisho.

Mimi nilianza na rangi. Kabla mwaka wa pili haujaisha, mikono minne kati ya saba ilikuwa imelegea na kuinama. Niliwalaumu watoto kwamba wanaining'inia, na leo najua niliwaonea. Nilipoifungua na kuitandaza mezani, hakuna hata mmoja uliovunjika. Kilichoshindwa ni skrubu fupi za mbao zilizouma kwenye ubao mwembamba wa mlango ulio mtupu ndani. Kila mkono ukibonyezwa, skrubu inakula mbao kidogo, tundu linapanuka, na ukikaza leo, baada ya wiki mbili imelegea tena. Pia mikono ile haikuwa na springi yake. Springi ndogo ya ndani ya kitasa ndiyo iliyobeba kazi yote ya kuurudisha juu mkono mzito, ikachoka.

Kwa hiyo dukani geuza mkono uutazame kwa nyuma. Unataka boliti zinazopenya mlango mzima na kuunganisha bati la upande huu na la upande ule, ili mlango ubanwe katikati. Unataka springi ndani ya bati lenyewe: bonyeza, achia, urudi juu wenyewe bila kuwa umefungwa popote. Kisha chomeka kile chuma cha pembe nne kinachopita kwenye kitasa, mara nyingi huwa cha milimita 8, ukitikise. Kikicheza mkono ukiwa mpya, kitazidi kucheza.

Kama pakiti imeandikwa EN 1906, kipimo cha Ulaya cha mikono ya milango, soma tarakimu ya pili ya ule mfululizo wa tarakimu za daraja unaoandikwa pamoja nayo (si ya 1906 yenyewe). 6 maana yake umejaribiwa kubonyezwa mara 100,000, na 7 ni mara 200,000. Fanya hesabu ya mlango wa choo unaofunguliwa mara 40 kwa siku: ni mara 14,600 kwa mwaka, yaani 100,000 zinafika kabla ya miaka saba. Chumba cha wageni hakihitaji hivyo. Mimi ningeweka fedha kwenye choo, jikoni na mlango wa mbele, kwingine nikapunguza.

Kuhusu madini, kwa nyumba yenye watoto napendelea chuma cha pua kilichopigwa msasa, kisichong'aa, kwa sababu alama za vidole na mikwaruzo hazionekani upesi. Daraja la 304 linatosha ndani. Ukiwa karibu na bahari, mlango wa nje uwe wa 316, wenye molibdenamu inayosaidia dhidi ya chumvi. Shaba ya njano iliyojaa hadi ndani hudumu sana, ila isiyopakwa vanishi hubadilika rangi. Zinki iliyopakwa rangi ya dhahabu ndiyo iliyoniumiza: pete ya mkononi ikishachubua ule utando, pale hapatengenezeki tena.

Sasa mama. Tafadhali usimwekee kitasa cha duara. Mkono wenye maumivu ya viungo hauwezi kukamata na kuzungusha, lakini mkono mrefu wa kubonyeza unafunguka hata kwa kiwiko. Chagua ambao ncha yake imekunjwa kuelekea mlangoni, isinase mkono wa shati wala kamba ya mkoba. Ncha hiyo pia iwe ya mviringo, maana kitasa kikiwa mita moja kutoka sakafuni, hapo ndipo uso wa mtoto mdogo unapopita akikimbia. Hili usilipuuze. Choo nacho kiwe na komeo linaloweza kufunguliwa kwa nje kwa sarafu, mtoto au mzee akijifungia.

Kama vitasa vyenyewe bado ni vizima, pima kutoka katikati ya tundu la mkono hadi katikati ya tundu la ufunguo. 72 na 85 milimita ni za kawaida, lakini usikisie. Pima na unene wa mlango, ujue urefu wa boliti.

Utunzaji ni kitambaa laini chenye maji kidogo, kisha ukaushe. Klorini na steliwaya viweke mbali na chuma cha pua. Steliwaya huacha vichembe vinavyoota kutu. Mikono yangu ya sasa ina miaka sita, na nimekaza boliti mara moja tu, kwenye mlango wa jikoni.

Ukikwama kwenye vipimo, weka hapa picha ya ubavu wa mlango ukiwa wazi, ulimi wa kitasa uonekane, na rula pembeni yake. Nitakuangalizia.