Maswali ya Wasomaji: Majengo ya Kale na ya Kisasa ya Shanghai

SWALI: Ndugu Mhariri, picha za mji wa Shanghai huonyesha ukingo mmoja wa mto ukiwa na majengo ya mawe ya mtindo wa Ulaya, na wa pili ukiwa na minara ya vioo. Imekuwaje majengo ya kale hayakubomolewa kuipisha minara hiyo? Na inasimamaje katika ardhi ya kando ya mto?

JIBU: Ndugu msomaji, majengo hayo yalinusurika kwa sehemu kubwa kwa sababu ya Mto Huangpu wenyewe. Mkataba wa Nanjing wa mwaka 1842, uliomaliza Vita vya Kwanza vya Kasumba, uliilazimisha China kuwafungulia Waingereza bandari tano, Shanghai ikiwemo, na baadaye wageni wa mataifa kadhaa wakajitwalia humo maeneo waliyoyaendesha kwa sheria zao wenyewe. Benki na makampuni yao yalijipanga katika ukingo wa magharibi, uitwao Bund. Hata hivyo, majengo mashuhuri yanayoonekana hapo leo ni ya karne ya 20: jengo la Benki ya HSBC lenye kuba lilikamilika mwaka 1923, Forodha yenye mnara wa saa mwaka 1927, na Hoteli ya Cathay, yenye paa la kijani lililochongoka, mwaka 1929.

Pudong, ukingo wa mashariki, ulibaki kuwa wa maghala, viwanda na mashamba mpaka mwaka 1990, serikali ilipotangaza mpango wa kuuendeleza. Nafasi ilikuwapo tele ng'ambo, hivyo minara ikajengwa huko.

Kuhusu ardhi, wasiwasi wako una msingi. Shanghai imekaa juu ya matope na mchanga ulioletwa na Mto Yangtze, na mwamba uko chini sana. Kwa sababu hiyo Shanghai Tower, uliokamilika mwaka 2015 wenye urefu wa mita 632, umebebwa na mamia ya nguzo zilizozamishwa ardhini, na juu yake ukamwagwa msingi wa zege wenye unene wa mita 6. Umbo lake la kujisokota si pambo tu, kwani hupunguza nguvu ya upepo wakati wa vimbunga. Jirani yake, World Financial Center wa mwaka 2008, una tundu kubwa kileleni. Awali tundu hilo lilichorwa kuwa duara, wakosoaji wakalifananisha na jua la bendera ya Japani, likabadilishwa kuwa na pembe.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, anayetazama kingo hizo mbili tu hajaiona Shanghai. Nyumba zilizo za mji huo hasa ni shikumen, zilizoenea tangu miaka ya 1860, wakimbizi wa uasi wa Taiping, vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini China, walipofurika katika maeneo ya wageni. Zimeunganishwa safu kwa safu vichochoroni kama nyumba za Kiingereza, lakini kila moja ina lango la fremu ya mawe na ua mdogo wa Kichina. Chama cha Kikomunisti cha China kilianza mkutano wake mkuu wa kwanza ndani ya nyumba ya aina hiyo mwaka 1921. Nyumba hizi hazikuwa na mto wa kuzikinga: nyingi zimebomolewa tangu miaka ya 1990, na za mtaa wa Xintiandi zimegeuzwa maduka na migahawa.