Kufunga maziwa bila kuongeza taka: jibu kwa dada anayefungua duka Kasarani

Dada, naona wengi wamekujibu kwa neno moja moja: "glasi", "karatasi", "plastiki ni haramu achana nayo". Umeeleza kwamba unafungua duka la maziwa Kasarani, hapa Nairobi, utauza freshi yaliyopitia kiwandani pamoja na mala (maziwa ya kuganda), kuna jamaa wa vifungashio amekuletea sampuli za "plastiki inayooza", na hutaki duka lako liwe chanzo kingine cha takataka mtaani. Mimi nauza maziwa mtaa wa Umoja kwa mashine ya ATM, ile inayomimina maziwa kulingana na pesa ya mteja, na kabla ya hapo niliajiriwa katika kiwanda kidogo upande wa Limuru, kwenye chumba cha kujazia paketi. Nitajibu kwa urefu, univumilie.

Tuanze na sheria maana imetajwa vibaya hapo juu. Marufuku ya plastiki hapa Kenya ya tarehe 28 Agosti 2017 ilihusu mifuko ya kubebea na ile bapa isiyo na mikono. Faini yake ni shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Paketi ya maziwa inayojazwa kiwandani haikuguswa, kwa sababu hiyo ni kifungashio cha kwanza, kinachoshikana na bidhaa pale pale inapotengenezwa. Kilichoguswa ni ile tabia ya kibandani ya kupima maziwa kwa kikombe na kuyafunga fundo ndani ya karatasi ya nailoni. Bado utaiona sehemu fulani asubuhi na mapema. Usiifanye hata siku moja, hata mteja akikuapia kwamba hapo pembeni anafungiwa hivyo kila siku.

Jambo la pili halipendwi na watu wa mazingira, ila ni kweli: maziwa yenyewe yanachafua kuliko kinachoyabeba. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, lilipopiga hesabu mwaka 2010 lilipata kwamba kila kilo moja ya maziwa duniani, kwa wastani, inatoa gesi joto sawa na kilo 2.4 za kaboni dioksidi. Kwa Afrika kusini mwa Sahara wastani ulikuwa juu zaidi ya hapo, kwa sababu ng'ombe wetu wengi wanatoa maziwa machache. Paketi yenye gramu chache za plastiki haifiki hata karibu. Kwa hivyo lita moja ikikuharibikia na kumwagwa kwenye mtaro, umepoteza zaidi ya ulichookoa kwa paketi nyingi sana. Ndiyo maana ninapopima kifungashio, swali la kwanza ni kama maziwa yatafika salama. La pili ni hiki kitu kitaenda wapi kikishakuwa kitupu, hapa Nairobi, si kwenye picha ya katalogi.

Hapo ndipo ile "plastiki inayooza" inapoanguka. Ziko za aina mbili na muuzaji mara nyingi hakwambii ni ipi. Ya kwanza ni plastiki ya kawaida iliyotiwa dawa ya kuifanya ivunjikevunjike ikipigwa na jua. Haiozi. Inageuka vipande vidogo usivyoweza kuokota. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwa agizo la 2019 lililoanza kutumika Julai 2021. Ya pili inatokana na mimea, mahindi kwa mfano, na kweli inaoza, lakini inataka mboji yenye unyevu na joto la karibu nyuzi 60, ikae hapo wiki nyingi. Taka za Kasarani zinaishia Dandora, jaa ambalo lilitangazwa kujaa tangu 2001 na bado linapokea. Hakuna atakayeitafutia paketi yako joto la nyuzi 60 huko. Mbaya zaidi, chupa ya aina hiyo inafanana na ya soda, ikichanganyika nazo inaharibu mzigo wa mtu anayeziuza kwa kilo. Kuna mmoja alinipigia debe la sampuli zake hapa dukani. Nikamuuliza mteja wangu azitupe wapi ili zioze, akanionyesha cheti. Sikununua.

Sasa chupa za glasi, maana naona ndiko moyo wako ulipo. Glasi haishiki harufu, inavumilia maji ya moto, na inarudi. Neno la muhimu hapo ni kurudi. Chupa ya nusu lita ina uzito unaozidi gramu 200, na kuiyeyusha kiwandani kunakula moto mwingi, kwa hivyo ikitumika mara chache halafu ivunjike au ibaki kwa mteja, paketi ya kutupa imeishinda kwa mbali. Lazima iende na kurudi mara makumi. Na Nairobi tunajua kufanya hivyo: sote tumekua tukitumwa soda na chupa mkononi, na usipokuwa na chupa unaacha pesa ya chupa. Wewe fanya vivyo hivyo, lakini pesa hiyo isiwe chini ya bei uliyonunulia chupa. Ikiwa chini, chupa yako itageuka ya mafuta ya kupikia au ya sukari, na hutamlaumu mtu, kanunua chupa nzuri kwa bei rahisi.

Chagua yenye mdomo mpana. Ya shingo nyembamba ni nzuri kwa macho lakini brashi haifiki kwenye mabega, na pale ndipo utando wa maziwa unapokaa. Kuosha kuna mpangilio wake. Kwanza maji baridi, kwa sababu ukianza na ya moto protini inaganda na kung'ang'ania glasi. Ndipo maji ya moto na sabuni ya vyombo vya maziwa, brashi, suuza, dawa ya klorini ya kiwango cha chakula, kisha chupa zigeuzwe juu chini kwenye waya zikauke zenyewe. Kitambaa kisikaribie. Baada ya muda utaona weupe kama chokaa ndani. Hayo ni mawe ya maziwa, yanatoka kwa dawa ya asidi, hayatoki kwa kusugua. Sasa piga hesabu ya maji. Kama ploti yako inapata maji kwa zamu na siku nyingine unanunua kwa mtungi, hii biashara ya chupa itakusumbua. Kitu kingine, glasi nyeupe inapitisha mwanga, na mwanga unaharibu vitamini B2 na kuyapa maziwa ladha ya karatasi iliyolowana. Zisipangwe dirishani kupendezesha duka. Ziweke ndani ya friji, nyuzi 4 au chini.

Hukumu yangu: chupa zinafaa ikiwa wateja wako ni wale wale, wanakuja kwa miguu, na maji hayakosekani. Ukianza kupeleka kwa boda boda hadi Mwiki au Roysambu, zitakuvunjikia na zilizobaki hazitarudi.

Njia ninayotumia mimi ni ATM, mteja anakuja na chombo chake. Kinadharia hii ndiyo safi kuliko zote, maana hakuna kifungashio kabisa. Dukani ni hadithi nyingine kidogo. Asubuhi mtoto ametumwa maziwa ya shilingi thelathini kabla ya shule, mkononi ana chupa ya soda ya plastiki, na ukiiinua kwenye mwanga unaona pete ya manjano ya maziwa ya jana chini ya kifuniko. Chupa ile huwezi kuiosha kwa maji ya moto kwa sababu inanywea na kukunjamana, na brashi haiingii. Nikijaza, yakikatika kwenye sufuria mama yake atarudi kusema maziwa yangu ni mabaya, na atakuwa ameyamwaga. Dawa niliyoipata ni kuwa na vibuyu vya chuma kisichoshika kutu na vya plastiki ngumu vyenye mdomo mpana, vya lita moja na nusu lita, mteja analipia mara ya kwanza, akija anaacha kichafu anachukua kisafi. Mimi ndiye ninayeosha. Wazee walipenda haraka. Vijana wa ploti za jirani ilibidi niwapunguzie shilingi moja mbili ndipo wakaacha chupa za soda. Ukiwa na mashine, hili la vyombo lipange siku ya kwanza, lisikukute njiani.

Maziwa yanayokuja kwenye mashine nayo yabebwe kwa mikebe ya alumini au chuma kisichoshika kutu. Mitungi ya plastiki ya kawaida Kenya Dairy Board, bodi inayosimamia biashara ya maziwa, haiitaki, na wana haki, kwa sababu kona zake hazioshiki na plastiki ikishakwaruzika inafuga vijidudu.

Nifike kwa paketi, inayotukanwa na kila mtu. Nimezijaza kwa miaka, nitaitetea kidogo. Paketi ya nusu lita ukiiweka kwenye mizani ya jikoni haifiki gramu kumi. Gari linalobeba maziwa linabeba maziwa, halibebi glasi. Ile nyeusi unayoiona ndani ukiikata imewekwa kuzuia mwanga, na nyeupe ya nje ni ya kuandikia. Zote ni polithini (plastiki laini) ya aina moja, ile yenye namba 4 kwenye alama ya aina ya plastiki, ndiyo maana inaweza kuyeyushwa tena ikawa nguzo ya ua au karatasi nyeusi ya ujenzi. Ukilinganisha vya kutupa peke yake, paketi ya polithini isiyochanganywa na kitu kingine ndiyo yenye mzigo mdogo zaidi.

Ubaya wake ni mwisho wake. Nenda kwa yeyote mwenye mizani ya chuma mbovu na plastiki, msimamie akipokea mzigo. Mitungi na chupa ngumu za maziwa anazitupia upande wa pesa nzuri. Chupa za soda, sawa. Paketi za maziwa anazisukuma kando kwa mguu: ni nyepesi mno, inabidi uokote gunia zima ndipo kilo zisogee, na zinanuka. Kwa hivyo mzoa taka anaziacha, na zinakwenda kuziba mitaro au kuwashia jiko la makaa. Hilo la jiko waambie wateja wako waache, moshi ule wanauvuta wao na watoto wao.

Lakini harufu inatibika, na dawa tunayo tayari jikoni. Mama yeyote wa Nairobi akishamimina maziwa kwenye sufuria ya chai anatia maji kidogo ndani ya paketi, anatikisa, anamimina tena, tone lisipotee. Paketi imeoshwa bure! Kinachobaki ni kuikausha na kuirudisha. Mimi nina gunia mlangoni, anayeleta paketi kavu anaongezewa maziwa kidogo, na gunia likijaa kuna kikundi cha vijana wanalichukua. Zikiwa safi, zikiwa nyingi na zikiwa za aina moja, mwenye mizani anabadilisha lugha. Nyingine wanazichukua watu wa miche ya miti, wanatoboa chini na kujaza udongo. Waombe wateja pia wakate kona bila kuiachanisha kabisa, kwa sababu kile kipembe kidogo ndicho kinachopotelea mtaroni na hakuna atakayekiokota.

Boksi la karatasi sitalikalia sana. Wale waliokunywa maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shuleni yaliyoanzishwa 1979, wanaikumbuka ile paketi ya pembe tatu, kwa hivyo si kitu kigeni kwetu. Boksi la maziwa ya kukaa ni karatasi takriban asilimia 75, plastiki 20 na alumini 5, zimegandishwa pamoja, na kuzitenganisha kunataka kiwanda chenye mtambo wa kusaga karatasi kwa maji. Faida yake ni kwamba maziwa yaliyopashwa nyuzi 135 na zaidi kwa sekunde chache yanakaa miezi bila friji, na stima ikipotea usiku kucha hakuna cha kumwaga. Lakini mashine yake si ya saizi yetu. Ukitaka hayo, yanunue kwa katoni, uyauze kama yalivyo.

Usisahau kwamba tangu Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, na kanuni zake za 2024 kuhusu wajibu wa mzalishaji, anayeweka jina lake kwenye kifungashio anawajibika nacho hata kikishakuwa taka. Ukichapisha paketi zenye jina la duka lako, hilo ni lako. Ukiuza za kiwanda, muulize mwenye kiwanda yuko kwenye mpango gani wa kukusanya, na akusaidie na hilo gunia.

Ningekuwa wewe, pale Kasarani, ningeanza na vyombo vya kubadilishana kwa wa karibu, paketi za polithini isiyochanganywa kwa wa mbali, na glasi ningeijaribu baadaye kwa mala peke yake. Mala ni nzito, inanunuliwa na watu wale wale, haina haraka ya asubuhi. Maziwa ya hotelini yapeleke kwa ndoo za chuma zenye kifuniko cha kubana. Unaacha iliyojaa unarudi na tupu, hakuna pesa ya chupa ya kubishania. Ila kabla hujanunua chochote kati ya hivi, chukua sampuli uwaonyeshe Kenya Dairy Board unapoomba leseni. Mkaguzi akikikataa chombo baada ya kununua, utabaki nacho nyumbani ukiwekea unga.