Dagaa na mawese vinamtosha mwanao

Wiki iliyopita nesi alichora nukta ya uzito wa mwanangu kwenye kadi ya kliniki, ikaangukia kwenye kijani. Nimefurahi na sifichi. Siku hiyo hiyo dada mmoja wa Kasulu, mwanawe ana miezi saba, akaniuliza kama anunue chakula cha kopo, maana uji haumnenepeshi mtoto. Dada yangu, kwanza rudi kliniki wamwangalie asije akawa na ugonjwa. Halafu utazame huo uji.

Mtoto akitimiza miezi sita, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena. Wengi tunampa uji mwepesi kama chai, wa unga wenye mahindi, mchele, ngano na ulezi pamoja. Nafaka nne ndani ya kikombe kimoja, kazi ni ile ile moja ya kutia nguvu! Mimi nilichagua ulezi na dagaa.

Wifi yangu alinisema mbele ya wageni: mtoto wa kaka yake analishwa dagaa kama yatima. Sikumjibu, ila maneno yale bado yananiuma. Yeye alikuwa analeta makopo kutoka Dar, huko huko ambako watu wanagombania dagaa wa Kigoma kwa bei ya juu.

Dagaa nachagua mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, wale waliokaushwa kwenye chanja. Wa mchangani uoshe utakavyo, mtoto atasaga mchanga tu. Nang'oa vichwa na matumbo, naosha kwa maji ya moto, naanika, nawakaanga bila mafuta kwa moto mdogo mpaka wakatike kirahisi, natwanga na kuchekecha. Uji ukikaribia kuiva natia kijiko cha chai cha unga huo, na nikiepua natia mawese kidogo. Yawe mekundu. Wekundu ule ndio unaompa mtoto vitamini A, na ukiyachoma mpaka yakapauka umeuteketeza mwenyewe.

Uji uwe mzito, usichuruzike kwenye kijiko. Ukimshinda kumeza, usiongeze maji, tia kimea: ulezi ulioloweshwa, ukaoteshwa, ukaanikwa na kusagwa. Kijiko kidogo tu kinaulainisha na unga unabaki ule ule. Urudishe jikoni uchemke tena. Tumbo la mtoto ni dogo, tusilijaze maji.

Kina mama wa Kigoma, ziwa liko mlangoni kwetu. Kwa nini dagaa wapande treni waende kunenepesha watoto wa wengine, na sisi tuone aibu kuwaweka kwenye kikombe cha wanetu? Karanga nazo ni nzuri, lakini yenye ukungu tupa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haitoki kwa kupikwa, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kwa mahindi waliyovuna wenyewe.

Chumvi na sukari weka kando. Asali asionje kabla ya kutimiza mwaka. Aendelee kunyonya mpaka miaka miwili. Na dada wa Kasulu, ukikosa dagaa safi, huko kwenu maharage yamejaa: loweka usiku kucha, menya maganda, chemsha mpaka yalainike kabisa, ponda, changanya kwenye uji huo huo mzito, utie mawese.