Maswali na majibu: hofu ya ghafla, dawa za sonona, na ndugu anayesikia sauti

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wanaouguza kuliko kwa wagonjwa wenyewe. Nimejibu zile ambazo najua zinagusa nyumba nyingi.

Shikamoo daktari. Nikiwa kwenye daladala moyo unaanza kwenda mbio ghafla, jasho linanitoka, vidole vinakufa ganzi, naona kabisa nakufa. Nimepimwa moyo, naambiwa ni mzima. Hii ni nini? (Binti, Mbagala)

Marahaba. Unachoeleza kinafanana sana na shambulio la hofu. Huja kwa kishindo, hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka lenyewe. Ganzi ya vidole inatokana na kuhema harakaharaka, kwa hiyo likianza toa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta. Lenyewe haliui. Linalokula maisha ya mtu ni kukwepa: leo unaacha daladala, kesho sokoni, mwisho hutoki nje. Mwombe daktari apime pia wingi wa damu na tezi ya shingo, kisha uliza mshauri wa kukurudisha hatua kwa hatua kwenye unavyoviogopa. Tiba hiyo inasaidia wengi.

Nimeandikiwa dawa za sonona. Rafiki zangu wananiambia nitakuwa teja. (Mwalimu, Tabora)

Hutakuwa teja. Dawa za sonona kama fluoksetini na amitriptilini hazimfanyi mtu awe mlevi wa dawa. Shida yake ni nyingine: kichefuchefu au usingizi huanza siku za mwanzo, nafuu ya moyo huja baada ya wiki mbili hadi nne, pengine zaidi. Ndiyo maana wengi huzitupa wiki ya kwanza. Ukishapona, daktari atakuambia uendelee kwa miezi sita au zaidi, na kuacha ni kwa kupunguza taratibu. Cha kuogopa ni valiamu mnazojinunulia wenyewe duka la dawa ili mlale. Hizo ndizo hugeuka kifungo ndani ya wiki chache.

Dokta, mdogo wangu yuko chuo, mwaka wa pili. Halali, amefunika madirisha, anasema wenzake wanamrekodi, anajibizana na watu nisiowaona. Baba mdogo anasema amerogwa, mama anataka tumfungishe kwa maombi. (Kaka mtu, Iringa)

Mpelekeni hospitali wiki hii. Akikataa kula, akitishia mtu au akitaka kujidhuru, iwe leo.

Hizo ni dalili za saikosisi, yaani akili imeshindwa kutenganisha kilichopo na kisichopo. Inaweza kuwa mwanzo wa skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao mara nyingi huanza ujanani, umri huohuo wa chuo. Inaweza pia kuwa bangi, kifafa, malaria iliyopanda kichwani au maambukizi mengine kwenye ubongo, na hayo hayajulikani mpaka apimwe. Mtu akitibiwa mapema hurudi kwenye masomo yake kwa urahisi zaidi. Miezi inayopotea kwa mganga, akifukizwa na kufungwa kamba, hailipiki, na hapo nasema bila kumung'unya maneno.

Mama asizuiwe kumwombea mwanawe. Ila asimfungishe. Mtu asiyelala kwa siku kadhaa, ukimnyima na chakula, unamzidishia.

Kumpeleka ndiyo kazi. Usibishane naye kuhusu sauti, wala usijifanye unazisikia. Mwambie: "Mimi sisikii, lakini naona zinakutesa, na hujalala. Twende tukatafute usingizi." Wengi wanaokataa kuitwa wagonjwa hukubali kutibiwa usingizi. Anzeni hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa. Ikihitajika, wao watawapa rufaa ya kwenda Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma. Jina hilo watu wamelifanya tusi mtaani, na tusi hilo limechelewesha watoto wa watu. Ile ni hospitali, watu wanaingia na kutoka.

Jambo moja zaidi. Dawa za saikosisi kama haloperidoli zinaweza kukaza shingo au kupindisha ulimi. Inatisha, lakini ina tiba: mrudisheni hospitali saa hiyohiyo, msizitupe dawa kimyakimya.

Mke wangu ana wiki saba tangu ajifungue. Halali hata mtoto akilala, analia, anasema mtoto angepata mama mwingine. Mama yangu anasema anadeka. (Mume, Kahama)

Hadeki. Machozi ya uzazi huisha ndani ya wiki mbili. Wiki ya saba, kwa maneno hayo, ni sonona baada ya kujifungua mpaka daktari aseme vingine. Mpeleke kliniki ileile anakopeleka mtoto, ingia naye, mweleze nesi ulichoniandikia.

Kabla ya hapo muulize mwenyewe, waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua, au kumdhuru mtoto?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, mara nyingi humtua mzigo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, ondoa dawa na sumu za shambani, nendeni hospitali leo. Zipo dawa anazoweza kutumia huku akinyonyesha. Usiku mtoto akishanyonya, mbebe wewe, mama alale. Na mama yako zungumza naye wewe, kwa heshima. Mkeo hawezi kumjibu mama mkwe.

Baba anakunywa gongo kila siku. Tumfungie ndani wiki nzima aache? (Watoto wake, Moshi)

Msimfungie. Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa ghafla unaweza kuleta degedege na kuweweseka ndani ya siku tatu za mwanzo, na watu hufa. Mpelekeni hospitali aachishwe kwa dawa na vitamini B1. Ikiwa ameshaacha mwenyewe na ameanza kutetemeka, kutoka jasho au kuona vitu, msingoje asubuhi.